Je, Kipali pekee kinatosha?
Umeuliza kama Kipali, lugha ya kale ya India iliyohifadhi maandiko ya Kibudha, pekee kinamtosha anayetaka kuishi kwa taaluma ya maandiko ya Kibudha. Kwa kutafsiri, kinaweza kutosha: I. B. Horner, aliyewahi kuwa mkutubi wa Newnham College, Cambridge, alitafsiri kutoka Kipali kanuni za watawa, kazi iliyotoka kwa juzuu 6 kati ya mwaka 1938 na 1966, na pia aliongoza Pali Text Society, chama kinachochapisha maandiko ya Kipali, kuanzia 1959. Kwa ajira ya chuo kikuu leo, ningekushauri uongeze Kisanskriti, lugha nyingine ya kale ya India, pamoja na Kitibeti au Kichina cha kale, kwa kuwa maandiko mengi ambayo asili yake ya Kisanskriti imepotea yamesalia katika tafsiri za lugha hizo. Kijapani nacho, ambacho wanafunzi wengi hukiahirisha, kina utafiti mwingi usiopatikana kwingine.