Swali la lugha: Kwani mchezaji wa kulipwa hana ridhaa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kedi katika uwanja mmoja wa gofu huku kaskazini mwa Tanzania. Juzi mzee ninayembebea fimbo alinionyesha kwenye simu habari yenye kichwa hiki: "Wachezaji gofu wa kulipwa kupunguziwa vifaa, wa ridhaa kutoguswa." Tulibishana mpaka shimo la tisa. Yeye anasema "ridhaa" ni neno la mahakamani na hospitalini, halina kazi michezoni; kwani hao wanaolipwa wanacheza kwa kulazimishwa? Mimi nikamwambia mbona redio zote zinasema hivyo. Halafu hatukuelewana kabisa hao wa kulipwa wanapunguziwa nini. Tusaidie. Na je, tuseme fimbo au magongo?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na mfikishie mzee salamu zangu. Kichwa hicho cha habari kina makosa kweli, ila "ridhaa" haimo kati ya makosa hayo.

Ridhaa tumeipata kwa Waarabu, na ukoo wake tunao nyumbani siku zote: radhi, ridhia, ridhika, uradhi. Mzee hakosei anaposema kwamba leo neno hili tunakutana nalo zaidi kwenye karatasi. Mgonjwa anatia saini fomu ya ridhaa kabla ya kupasuliwa, na kadhi anauliza kama binti ametoa ridhaa yake. Huko maana yake ni kukubali. Lakini onja neno lote, usiishie kwenye fomu. Anayeridhia hasukumwi na mtu, na anayeridhika haombi kuongezewa. Mtu anayevaa glovu akapanda ulingoni jioni baada ya kazi, bila kutegemea hata shilingi, ni mtu aliyeridhia. Ndiyo maana "ngumi za ridhaa" ziliingia masikioni mwetu bila ugomvi, na gofu ikafuata njia hiyo hiyo.

Mzee amejikwaa kwenye jozi. Amesikia "ridhaa" na "kulipwa" zikitajwa pamoja, akadhani moja ni kinyume cha nyingine kwa kila hali. Jozi za maneno hazifanyi kazi hivyo. Tunasema mke mkubwa na mke mdogo, na mke mdogo anaweza kumzidi mwenzake kilo thelathini. Jozi ile inajibu swali moja tu, nani alitangulia kuolewa. Hii ya kwetu nayo inajibu swali moja: pesa iko wapi. Mchezaji wa kulipwa ana ridhaa yake kama kawaida, na ameiweka kwenye mkataba.

La kufurahisha ni kwamba Waarabu wenyewe, tuliowakopa neno, hawalitumii hivyo. Kwenye magazeti ya Ghuba mchezaji wa namna hii ni "hawi", na yule wa kulipwa ni "muhtarif". Hiyo "hawi" ina undugu na "hawaa" yetu, ile ya "hawaa za nafsi": mtu anayefuata kile moyo unachokitaka. Waingereza nao walichukua la kwao, "amateur", kwa Wafaransa, Wafaransa kutoka Kilatini, na asili yake ni "mpenda". Wao wakataja mapenzi, Waarabu matamanio, sisi ridhaa. Mimi naipenda zaidi ya kwetu, maana haimtii mtu aibu.

Kuna wanaopendekeza "chipukizi". Hapana. Chipukizi ni mti unaoanza kuchomoza, na gofu imejaa wazee wa miaka sabini ambao hawajawahi kulipwa na hawana mpango huo. "Limbukeni" ndiyo usithubutu kabisa. Mwite mzee wako hivyo uone kama kesho utabeba fimbo zake. Na "proo" mnayoitumia makedi ina mtego wake: kwa mashabiki wa Simba na Yanga, proo ni mchezaji aliyetoka nje ya nchi, hata kama mzawa aliye benchi moja naye analipwa vile vile.

Kabla sijaiacha ridhaa, kuna methali ambayo kama mwenye kanuni za gofu angeijua angeiweka ukurasa wa kwanza: mcheza kwao hutuzwa. Haisemi hulipwa. Kwenye ngoma, anayecheza vizuri hubandikwa noti kwenye paji la uso au hutupiwa leso. Ile ni tuzo, na hakuna aliyekubaliana naye bei. Kanuni za hadhi ya mchezaji wa ridhaa zilizoanza kutumika 2022 zinakwenda karibu na hapo hapo: anaruhusiwa kupokea zawadi isiyozidi thamani ya dola 1,000 za Marekani, au pauni 700. Ikizidi hapo si tuzo tena, amelipwa, na hadhi yake imeondoka.

Januari 2024 kijana wa miaka 20, Nick Dunlap, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama, aliingia kwenye mashindano ya American Express huko California akiwa mchezaji wa ridhaa, akawashinda wa kulipwa wote. Fungu la mshindi lilikuwa zaidi ya dola milioni moja na nusu. Hakuligusa. Fedha zilikwenda kwa aliyemfuata kwa pigo moja, Christiaan Bezuidenhout wa Afrika Kusini, ambaye nadhani hajawahi kufurahia nafasi ya pili kiasi kile. Siku chache baadaye Dunlap akatangaza kwamba sasa atacheza kwa malipo. Hapo ndipo unapoona "ridhaa" na "kulipwa" hazisemi lolote kuhusu nani anajua kucheza. Ndiyo sababu pia nakataa "mtaalamu" kwa mchezaji wa kulipwa: mtaalamu wa gofu anaweza kuwa kocha, au hata bwana anayepima nyasi.

Sasa twende kwenye kosa lenyewe, maana hapa ndipo mlipopotea nyote wawili, na hamkupotea kwa ujinga wenu.

"Kupunguziwa" ni kitenzi chenye mtendewa anayepata kitu au kukikosa. Mgonjwa hupunguziwa dozi, mpangaji hupunguziwa kodi, mfungwa hupunguziwa kifungo. Kinachopungua ni idadi au kiasi. Kwa hiyo "wachezaji kupunguziwa vifaa" kwa Kiswahili cha kila siku maana yake ni moja tu: kwenye mfuko fimbo zitapungua. Na bahati nzuri mwandishi hakuandika "wachezaji wa kulipwa kupunguzwa", tungedhani wameachishwa kazi. Wewe unajua fimbo kwenye mfuko haziruhusiwi kuzidi 14, kwa sababu mgongo wako ndio unaozihesabu. Kikomo hicho kipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 na hakuna aliyekigusa. Kinachobishaniwa ni mpira, na kwa usahihi zaidi, umbali unaokwenda.

Wanaotunga kanuni ni wawili: USGA ya Marekani, na R&A yenye makao yake St Andrews, Uskoti. Kila aina ya mpira hupimwa kwa mashine iliyofungwa fimbo. Kipimo cha sasa, kichwa cha fimbo kinakwenda kasi ya maili 120 kwa saa, na mpira usizidi yadi 317, kama mita 290 hivi, pamoja na yadi tatu za kuvumiliana. Walichotangaza Desemba 2023 ni kwamba kasi ya mashine itapandishwa hadi maili 125 huku yadi zikibaki zile zile. Umeuona ujanja? Kikomo hakijashushwa, aliyeongezewa nguvu ni mpigaji. Mpira unaofaulu leo utafeli kesho, kwa hiyo viwanda itabidi vitengeneze mpira mvivu wa kwenda. Kwa hesabu zao, wapigaji wakali kabisa watapoteza yadi 13 hadi 15, na mchezaji wa kawaida wa klabu yadi tano au chini yake. Yadi tano mzee wako anazipoteza kila siku kwenye majani marefu.

Kwa nini wanahangaika? Kwa sababu viwanja vinaishiwa ardhi. Shimo la 13 la Augusta National, uwanja maarufu wa Marekani, ambalo watazamaji wa televisheni wanalijua kama njia ya kwenda kwao, lilikuwa la yadi 510. Mwaka 2023 lilirefushwa kufika 545, baada ya klabu kununua ardhi ya jirani. Si kila klabu ina fedha za kununua jirani. Na sisi wa nyanda za juu tunajua zaidi: pale Muthaiga, Nairobi, hewa ni nyepesi na mpira unaruka mbali bila kusaidiwa na kiwanda.

Sasa mkasa wa kichwa chenu cha habari. Pendekezo la kwanza, Machi 2023, lilikuwa na kanuni mbili: mpira mfupi, yaani unaokwenda umbali mdogo, utumike kwenye mashindano ya ngazi ya juu, na sisi wengine tuendelee na wetu. PGA Tour, waandaaji wa mashindano ya kulipwa ya Marekani, ikapinga, kampuni ya Acushnet inayotengeneza mipira ya Titleist ikapinga. Hoja yao kubwa ni kwamba raha ya gofu ni mlevi wa Jumapili kutumia mpira ule ule wa bingwa. Wakasikilizwa kwa namna ambayo hawakuitarajia: basi, uwe mpira mmoja, mfupi, kwa wote. Tangazo likasema mashindano ya ngazi ya juu yaanze Januari 2028, na wengine wote Januari 2030. Kwa hiyo "wa ridhaa kutoguswa" si kweli. Wanaguswa, tena tangu mwanzo waliguswa, kwa sababu hata lile pendekezo la Machi halikupita kati ya ridhaa na kulipwa. Mashindano makubwa ya ridhaa, kama ubingwa wa ridhaa wa Marekani, yalikuwemo kwenye kundi la juu. Dunlap alikuwa mchezaji wa ridhaa, na mpira wake ndio hasa waliokuwa wakiuwinda. Mwandishi alikuwa na jozi moja tu ya maneno mfukoni, ridhaa na kulipwa, akaitumia kugawa kitu kisichogawanyika kwa jozi hiyo. Maneno ya hapa ni "ngazi ya juu" na "wachezaji wa klabu".

Nimeandika "kugawa" na hapo hapo nikajishika ulimi. Wanaoandika kuhusu mjadala huu husema wenye gofu wanataka "kugawa kanuni". Kugawa kanuni ni kazi ya karani: anazo nakala mia, anampa kila mmoja yake. Kinachokusudiwa ni kugawanya, au ukitaka kuwa wazi kabisa, kuwa na kanuni mbili. Si jambo geni, usimwache mzee akuambie dunia imeharibika. Mpira wa Marekani ulikuwa na kipenyo cha inchi 1.68 zamani hizo, na R&A iliruhusu ule mdogo wa inchi 1.62 mpaka 1990. Mchezo mmoja, mipira miwili, na jua lilichomoza.

Liko pia tatizo la "kurudisha mpira nyuma", tafsiri ya "rollback" ya Kiingereza ninayoiona mara kwa mara. Mswahili akisikia hivyo anamwona beki anamrudishia kipa. Sema kufupisha masafa ya mpira. Masafa mnayajua kutoka kwenye makombora. Au sema mpira umebanwa, kama serikali inavyobana matumizi. Mimi kwenye kichwa cha habari ningechukua "kikomo", maana linabeba kipimo na katazo kwa pamoja: "Mpira wa gofu kuwekewa kikomo kipya cha umbali, wa ngazi ya juu kuanza." Hakuna aliyepunguziwa kitu, na kedi halazimiki kubishana mpaka shimo la tisa.

Jambo dogo la sarufi, kwa kuwa mzee anaonekana anapenda kesi. Akikuuliza "gofu ya kulipwa" inawezekanaje wakati anayelipwa ni mtu na si gofu, mwambie aanze na samaki wa kupaka. Anayepaka ni mpishi, kinachopakwa ni samaki, na bado hatusemi "samaki wa kupakwa". Muundo huu wa "-a ku-" umelegea makusudi. Unabandika jambo na shughuli yake, msikilizaji anajaza nafasi. Soka la kulipwa, ngumi za kulipwa, hata ile Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa Tanzania, zote ni sawa. Ukifika kwenye "vifaa vya kulipwa" ndipo unakataa, kwa sababu vifaa kweli hulipiwa dukani, na msikilizaji atajaza nafasi vibaya. Hapo rudisha mtu kati: vifaa vya wachezaji wa kulipwa.

La mwisho ulilouliza ni jepesi. Ni fimbo. Magongo tumewaachia watu wa hoki.