Barua kwa mwanangu: mchezo mmoja wa kubaki nao

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, na baba yako anakusalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na swali lako nimekaa nalo siku nne kabla ya kushika kalamu. Umeuliza hivi: katika michezo yote ya mezani tuliyocheza tangu ulipotuachia sanduku lako mwaka jana, nikiambiwa nibaki na mmoja tu na mingine niigawe, ningebaki na upi? Ukaonya kwamba hutaki kusikia kuwa yote ni mizuri.

Sitasema hivyo, maana si kweli. Jibu langu ni Hanabi. Lakini nikikomea hapo utadhani nimeuchagua kwa sababu ni mdogo na hauchukui nafasi, kwa hiyo nivumilie nikueleze nilivyofika huko.

Monopoly nimeuondoa mezani kabisa. Tuliucheza mara moja tu, tukiwa watatu: mimi, baba yako na mjukuu, binti wa dada yako. Mtoto akafilisika mapema. Sheria zinasema aliyefilisika ametoka, naye akakaa pembeni karibu saa nzima akitutazama sisi wawili tukidaiana kodi. Roho iliniuma. Baadaye nikasoma kwamba chanzo cha mchezo huo ni kazi ya mwanamke wa Marekani, Elizabeth Magie, aliyepewa hataza mwaka 1904, na nia yake ilikuwa kuwaonyesha watu ubaya wa ardhi kuhodhiwa na wachache. Somo hilo mjukuu alilipata vilivyo, ila sikutaka alipate kutoka kwangu. Tangu siku ile nina kipimo changu cha kwanza: mchezo usimtoe mtu mezani wakati wenzake bado wanacheza.

Catan, mchezo wa kujenga makazi kisiwani, unapita kipimo hicho. Baba yako anaupenda, nami namwelewa. Klaus Teuber, Mjerumani aliyekuwa fundi wa meno bandia kabla ya kuishi kwa kubuni michezo, aliutoa mwaka 1995, na jambo zuri alilofanya ni kumpa kila mtu kazi hata isipokuwa zamu yake. Dadu zikirushwa, yeyote mwenye makazi penye namba iliyotoka anavuna. Na kujenga bila kumwomba mwenzako ni kazi ngumu: nipe tofali nikupe kondoo. Meza inachangamka. Ila dadu mbili zina tabia zake. Kati ya njia 36 zinavyoweza kuangukia, 7 inapatikana kwa njia sita, 6 na 8 kwa njia tano kila moja, 2 na 12 kwa njia moja moja tu. Mimi nilijenga penye 6 na 8 kama hesabu inavyotaka, na jioni moja 8 ikagoma kutoka kuanzia mwanzo hadi mwisho, huku mjukuu aliyejenga penye 11 akijaza mikono yote miwili. Bahati sikuichukia. Kilichonichosha ni kujua katikati ya mchezo kwamba nimeshashindwa, na bado kuna dakika 40 za kukaa nikiwagawia matofali watakaoshinda.

Carcassonne, ule wa kupanga vigae 72 mpaka viwe miji na barabara, naupenda kwa macho zaidi kuliko kwa kichwa. Ukiisha tunauacha ulivyo hadi asubuhi kwa sababu umependeza. Azul nao unapendeza, ila ni mkali kuliko unavyoonekana. Kuucheza vizuri ni kumlimbikizia mwenzako vigae asivyovihitaji mpaka alazimike kuvichukua na kukatwa pointi. Baba yako alinibebesha vigae saba vyeusi kwa mpigo, na nikaona hauna kosa kama mchezo, ila mimi sitaki kukaa na watu ninaowapenda kwa namna hiyo kila wiki.

Bao sikulihesabu, maana halikutoka sandukuni mwako na halitagawiwa mtu maadamu baba yako yupo. Lakini lazima nilitaje. Mashimo 32, kete 64, na hakuna kilichofichwa. Aliyeshindwa hana dadu wala karata ya kusingizia. Baba yako akishika kete za nyumba huwa ameshaona zitakapolala kabla ya kuidondosha ya kwanza. Mimi ukifika mzunguko wa pili nimeshapotea. Nampenda sana akiwa pale, ameinama, midomo ikihesabu bila sauti. Ila tunapocheza bao mimi na yeye, ni yeye anayecheza. Mimi nipo tu.

Ndipo tukaja kwenye michezo ya kushirikiana, nami nikadhani nimefika kwangu. Pandemic, wa Matt Leacock, ulitoka mwaka 2008. Wachezaji wote mko upande mmoja, mnapambana na magonjwa manne yanayosambaa katika miji 48 ya dunia. Mnashinda wote au mnashindwa wote. Tulishindwa mara mbili, mara ya tatu tukashinda, na nilifurahi hadi nikasimama. Siku moja baada ya hapo nilikuwa namwelekeza mjukuu: ruka uende mji ule, tibu pale, karata hiyo usiiguse. Akazilaza karata zake zote mezani, wazi, akaniambia kwa upole, "Bibi, cheza tu na zangu."

Mwanangu, usingizi haukuja vizuri usiku huo. Mtoto yuleyule niliyemhurumia alipofilisika, sasa nilikuwa nimemtoa mezani mimi mwenyewe, tena akiwa bado amekaa kwenye kiti chake. Na mchezo haukunizuia. Mnaruhusiwa kuambiana kila kitu, kwa hiyo anayeona mbele zaidi, au anayesema kwa sauti zaidi, anaweza kuwachezea wenzake wote wasipate la kufanya.

Hanabi unazuia hilo kwa njia moja rahisi. Jina ni la Kijapani, maana yake fataki. Mbunifu wake ni Mfaransa, Antoine Bauza, na mwaka 2013 ulipata Spiel des Jahres, tuzo ya Wajerumani ya mchezo wa mwaka. Ni karata 50 za rangi tano. Kila rangi ina karata tatu za namba 1, mbili mbili za namba 2, 3 na 4, na moja tu ya namba 5. Mnajenga kila rangi kwa mfuatano, 1 hadi 5, kwa hiyo mkikamilisha zote mna pointi 25. Lakini karata zako unazishika zikiwa zimewaelekea wenzako. Wao wanaziona, wewe huzioni. Siwezi kukuchezea, kwa sababu zangu mwenyewe sizijui.

Zamu yako ikifika unatoa kidokezo, au unatupa karata, au unacheza karata. Kidokezo ni rangi moja au namba moja, na lazima umwonyeshe mwenzako karata zake zote za rangi hiyo au namba hiyo. Vidokezo ni 8 kwa watu wote mezani. Vikiisha, hakuna kusema mpaka mtu atupe karata, au akamilishe rangi kwa 5, kurudisha kimoja. Kucheza karata isiyofuata mfuatano ni kosa, na la tatu likitokea, mchezo umekwisha.

Mimi na baba yako tumeoana miaka mingi, na tumezoea kuongea tunavyotaka. Kupewa maneno ya kuhesabu kulitushinda kabisa mwanzoni. Tulikuwa tunaishia pointi 13, 14. Siku moja alikuwa ameshika 5 nyekundu, na mezani nyekundu ilikuwa imefika 2. Nikaogopa asije akaitupa, nikamwonyesha: hii moja ni nyekundu. Akaicheza papo hapo. Karata ya pekee imekwenda, nyekundu haitakamilika tena, na moja ya makosa matatu tumelitumia. Nilikasirika nikanyamaza mpaka mwisho. Tulipomaliza akaniambia, "Ulinionyesha moja peke yake. Nilijua unataka niifanyie kitu." Alikuwa sahihi. Ningemwambia "hii ni 5," angeishika hadi mwisho, maana kila mtu anajua 5 haina mwenzake. Mimi nilisema lile lililokuwa kweli, lakini sikusema lile alilolihitaji. Nilimwomba msamaha.

Baada ya hapo tukakubaliana. Ukimwonyesha mtu karata moja kwa rangi, unamwambia aicheze. Ukimwonyesha 5, unamwambia aitunze. Asiye na la kufanya atupe karata aliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote bila kuonyeshwa. Na hakuna kuguna wala kukunja uso, kwa sababu baba yako anausoma uso wangu kama gazeti, na kidokezo cha uso hakimo katika vile 8.

Sasa nikusimulie jioni moja ya mwezi uliopita, ndiyo iliyonipa jibu lako. Tulikuwa watatu, karata tano tano mikononi. Zamu ilikuwa inakwenda hivi: baba yako, mimi, kisha mjukuu. Bluu mezani ilikuwa na 1 tu. Baba yako akamwonyesha mjukuu karata moja: hii ni bluu. Mimi naiona. Ni 3. Nikashtuka moyoni. Kwa makubaliano yetu mtoto ataicheza, na 3 haiwezi kukaa juu ya 1. Mbona anamponza?

Nikatazama meza, kama tulivyoahidiana. Baba yako si mtu wa kukosea kitu kama hicho. Huyu ni mtu anayeona kete zikilala kabla hazijaondoka. Kama anataka 3 ichezwe na mtoto, basi 2 itakuwa imeshachezwa kabla ya zamu yake. Na kati yake na mtoto niko mimi. Kwa hiyo 2 ya bluu iko mkononi mwangu, yeye anaiona, mimi siioni, na hajaniambia neno. Ipi kati ya tano? Ingekuwa ya zamani angeshanionyesha zamani, nafasi alikuwa nazo. Ni ile niliyoichukua zamu iliyotangulia.

Nikaichomoa, sijaonyeshwa rangi wala namba, nikaiweka mezani. Ilikuwa 2 ya bluu. Mjukuu akatoa 3 yake mara moja. Aliniambia baadaye kwamba yeye aliiona 2 mkononi mwangu tangu mwanzo, na alikuwa anaomba nielewe. Kidokezo kimoja, karata mbili, na aliyeelewa kwanza kati yetu alikuwa yule mtoto niliyezoea kumwelekeza pa kwenda.

Baba yako hakusema kitu. Aliuangalia mkono wangu tu, akatabasamu, na mimi nilikuwa karibu kulia. Jioni ile tulipata pointi 24, na 25 hatujawahi kuifikisha.

Kwa hiyo Catan mpe anayeutaka, Azul pia, na Pandemic nitampa dada yako mwenyewe kwa mkono wangu. Hanabi uache hapa. Ila pakiti hii imechakaa. Karata ya 1 ya njano imekunjika pembe, na baba yako akiigusa tu anaijua hata kwa mgongo, basi inabidi tujifanye hatujui, na hilo silipendi. Ukija, tuletee pakiti mpya. Tutakuwa wanne, kila mmoja atashika nne badala ya tano, na ningependa ukae baada yangu.

Mama yako akupendaye