Unataka kusomea upimaji wa migodi? Anza na makosa

Mwaka wangu wa pili chuoni tulipewa zoezi la kupima vituo vinne kuzunguka uwanja, umbo lake karibu mraba. Tuliporudi kwenye kituo cha kwanza hesabu ilifunga kwa milimita chache, yaani tulipoishia palikaribiana mno na tulipoanzia, tukapeana mikono. Mwalimu akauliza swali moja tu: kwa nini kila upande wenu umezidi wa kundi jingine kwa milimita 30?

Tulikuwa tumeingiza kwenye totali stesheni, chombo kinachopima pembe na umbali, kisahihisho cha prizimu isiyo yetu. Prizimu ni kioo kinachorudisha mwale wa chombo, na kila aina ina kisahihisho chake cha umbali. Kila umbali ulibeba kosa lile lile, na kwa kuwa umbo lilikaribia mraba, ziada ya upande huu ilifutwa na ziada ya upande wa mkabala. Mzunguko ukafunga huku kosa likiwa tumboni mwake.

Wanaotaka kusomea fani hii huniuliza wajifunze kifaa gani kwanza, droni au skana ya leza. Kifaa utakizoea kwa wiki chache. Kinachochukua miaka ni kuelewa kosa linazaliwaje, linasafirije na linajificha wapi. Somo la nadharia ya makosa huja limejaa takwimu na matriki, na wengi hulikariri wafaulu mtihani basi. Nakusihi usifanye hivyo, maana ndilo litakalokulinda chini ya ardhi.

Kule ishara za setelaiti hazifiki. Unaanza na alama chache zilizoshushwa kutoka juu, unasonga kituo baada ya kituo, na mbele yako ni mwamba mtupu: hakuna alama inayojulikana inayokusubiri. Kosa la pembe la sekunde 20 (nyuzi moja ya pembe ina sekunde 3,600), ambalo jicho halilioni, baada ya kilomita 1 limekusogeza karibu sentimita 10. Kama kuna timu nyingine inachimba kuja kukutana nanyi, hizo sentimita zitaonekana siku ukuta utakapotobolewa. Ndiyo maana pembe husomwa kwa nyuso zote mbili za chombo, yaani mara ya pili darubini ikiwa imegeuzwa, vituo vya zamani hukaguliwa kabla ya kuongeza kipya, na handaki likiwa refu huletwa jairo, ambayo hutafuta kaskazini kwa kutegemea mzunguko wa dunia wenyewe. Alama nyingi huwekwa darini, kwa sababu sakafuni magari yatazing'oa. Jizoeze mapema kusimika chombo chini ya timazi inayoning'inia. Mimi nilizoea alama za chini tu, na wiki yangu ya kwanza mgodini kila kituo kilinichukua muda mara mbili ya wenzangu.

Viwandani shida ni nyingine. Reli za kreni hupimwa kwa milimita, mitambo mingine kwa sehemu za milimita, na joto halikuachi salama: tepu ya chuma ya mita 30 hurefuka karibu milimita 3.5 nyuzi joto zikipanda kwa 10. Andika halijoto kila unapopima.

Usidharau ramani pia. Julai 2002, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Quecreek, Pennsylvania, Marekani, wachimbaji walitoboa mgodi jirani uliokuwa umeachwa na kujaa maji. Ramani waliyoitegemea haikuonyesha ule mgodi wa zamani uliishia wapi hasa. Watu 9 walikwama kwa zaidi ya saa 77, wakaokolewa wote wakiwa hai. Nawakumbuka kila ninapotia saini ramani.

Ukichagua chuo, usivutiwe na orodha ya vifaa. Uliza wanafunzi huingia mgodini mara ngapi, na kama wanashika chombo wenyewe au wanasimama kutazama.

Sisi tulirudia zoezi letu Jumamosi iliyofuata. Tulianzia alama moja inayojulikana tukamalizia nyingine, na upande mmoja tukaupima pia kwa tepu. Mpaka leo, mstari wa kwanza katika kitabu changu cha vipimo ni aina ya prizimu na kisahihisho chake.