Shamba la baba mkwe na mjane anayekataa kurithiwa

SWALI: Mume wangu alifariki mwaka jana. Shemeji zangu wanasema nisipokubali kurithiwa, nirudi kwetu. Hati miliki ya shamba ingali kwa jina la baba mkwe, aliyetangulia kufa. Hatukuwa na cheti cha ndoa, ila mahari ilitolewa. Watoto bado wadogo. Nianzie wapi?
— Mjane, karibu na Ahero, Kenya

JIBU: Pole kwa msiba, mama. Kwanza, usihame. Kurithiwa si sharti la kupata shamba. Sheria ya Kinga dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya 2015 inataja kumlazimisha mjane arithiwe kuwa unyanyasaji. Ukitishwa, piga ripoti polisi, uchukue nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kisha uombe mahakama amri ya ulinzi. Nayo Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inamtoza anayeingilia mali ya marehemu bila idhini faini ya hadi shilingi 10,000, kifungo cha hadi mwaka 1, au vyote viwili. Ndoa ya kimila inatambulika katika urithi, kwa hiyo cheti kisikutie hofu.

Ugumu wenyewe uko kwenye ile hati miliki, na hapo ndipo wajane wengi wa Nyanza hukwama. Shamba ni la baba mkwe, basi mirathi ni mbili: yake, kisha ya mumeo. Kwa kuwa mumeo alifariki baada ya baba yake, fungu lake halikupotea. Linapitia kwenye mirathi ya mumeo hadi kwako na kwa watoto. Shemeji wakiwahi mahakamani peke yao, hujiandika wao tu. Kwa hiyo nenda kwa chifu mapema, uhakikishe barua yake ya kuwatambulisha warithi mahakamani inawataja watoto wote wa baba mkwe, mabinti walioolewa pamoja nao, na familia ya mumeo. Fanya sachi ya shamba (upekuzi wa rekodi zake katika ofisi ya ardhi), kisha umwombe msajili wa ardhi aweke zuio ili lisiuzwe kimya kimya.

Ombi la mirathi likishatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, kuna siku 30 za kupinga. Granti, yaani hati ya mahakama ya kusimamia mirathi, hutolewa, lakini ardhi haigawanywi mpaka ithibitishwe, kwa kawaida baada ya miezi 6. Iliyopatikana kwa kuficha warithi inaweza kufutwa, ila kesi hiyo huchosha. Afadhali kuzuia mapema. Usitie sahihi fomu yoyote ya ridhaa kabla hujasomewa yote.

Katika mirathi ya mumeo wewe ndiye wa kwanza kustahili usimamizi, lakini kwa sababu ya watoto wadogo mahakama itataka wasimamizi wasiopungua 2. Mchague mwenzako kwa makini: akiwa mmoja wa hao shemeji, atakwamisha kila hatua. Shamba utaishi humo na kulitumia maisha yako. Kuuza kunahitaji idhini ya mahakama.

FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, wana ofisi Kisumu, na huwasaidia wanawake wasioweza kulipa wakili. Ukienda, beba vyeti viwili vya kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya chifu, matokeo ya sachi na majina ya walioshuhudia mahari.