"Dawa ya sumu" ni ipi, inayoua au inayoponya?

SWALI: Mimi ni mkalimani wa hospitali nchini Marekani, na wengi ninaowahudumia wametoka Kongo. Nimepewa karatasi ya utafiti niitafsiri. Mtu aliyemeza parasetamoli nyingi mno hupewa asetilisisteini kama kawaida; baadhi yao wataongezewa fomepizoli, ionekane kama ini litanusurika zaidi. Niliandika: "dawa ya sumu ya kuongezea kwa waliozidisha dozi." Mama mmoja niliyemsomea akaniuliza, "Yaani mwanangu ataongezewa sumu?" Nimekosea wapi?

JIBU: Mama huyo anakijua Kiswahili vizuri. Kosa liko kwenye "ya".

Hebu angalia. Dawa ya kikohozi inaondoa kikohozi, lakini dawa ya usingizi inauleta. Dawa ya mbu inaua mbu, na dawa ya meno haiui jino hata moja. Hiyo "ya" haisemi dawa inafanya nini. Msikilizaji anajaza mwenyewe kwa mazoea, na mazoea ya "dawa ya sumu" hayapo. Mama alisikia sumu, akashtuka. Nami ningeshtuka.

Wapo watakaokushauri uandike "kiuasumu", kwa mfano wa kiuadudu na kiuagugu. Neno limeundwa vizuri, na katika makala ya kitaalamu sina ugomvi nalo. Ila hapa linapotosha kidogo. Parasetamoli si sumu kwa kipimo chake. Ini ndilo linaloigeuza sehemu yake ndogo kuwa kemikali kali, na lina akiba ya glutathioni ya kuituliza kemikali hiyo. Vidonge vikizidi sana, akiba inakwisha, seli za ini zinaanza kufa. Asetilisisteini, inayotumika kwa kazi hii tangu miaka ya 1970, huijaza akiba hiyo upya, na hufanya kazi vizuri sana mgonjwa akiipata ndani ya saa 8. Taabu ni wale wanaochelewa, au waliomeza nyingi kupindukia. Fomepizoli inaingilia mapema zaidi: inazuia kimeng'enya kinachoitengeneza ile kemikali. Ndiyo kazi yake pia kwa aliyekunywa pombe yenye methanoli, maana methanoli nayo huzidi kuwa hatari mwili ukishaigeuza. Haiui sumu, basi. Inauzuia mwili usiipike. Andika "dawa ya kuzuia sumu isitengenezwe mwilini". Ni ndefu, lakini kitenzi kimesema kazi na hakuna atakayeuliza swali la yule mama.

Sasa "kuzidisha dozi", ambalo mimi naliogopa kuliko hilo la kwanza. Kwenye dirisha la dawa Dar es Salaam au Mombasa utasikia, "Umemaliza dozi?" Muulizaji anakusudia dawa zote, za siku tano au saba, si vidonge viwili vya asubuhi. Kwa hiyo aliyezidisha dozi anaweza kueleweka kuwa ameendelea kumeza dawa baada ya siku zake kwisha. Daktari anataka kujua alimeza vidonge vingapi, na saa ngapi. Sema "aliyemeza dawa kupita kiasi", kisha uliza idadi. Na usiulize parasetamoli peke yake, kwa sababu dawa nyingi za mafua zinayo ndani, na mtu anaweza kuvuka gramu 4 kwa siku (vidonge 8 vya miligramu 500) akiapa kwamba Panadol alimeza chache tu. Wa kutoka Goma unaweza kumwambia "kinini" badala ya kidonge. Utaona uso unafunguka.

Kuna rafiki yangu aliyependekeza tuiite "dawa ya kukinga ini". Inasikika tamu, na ndiyo maana naikataa. Kama imekwisha kukinga, kinachojaribiwa ni nini? Karatasi ya utafiti haitakiwi kuahidi. Tena jihadhari na "tutakujaribu": anayejaribiwa ni dawa, si mtu, na kwa wacha Mungu kujaribiwa ni jambo jingine kabisa. "Tunaifanyia dawa hii majaribio" inatosha.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua, kama useme ini au maini. La mtu ni moja: ini lake, ini limeumia. Maini ni ya buchani, au ya mtu aliyekatwa maini kwa maneno.

Ningekuwa wewe ningeandika hivi: "Mgonjwa aliyemeza parasetamoli kupita kiasi atapewa asetilisisteini, dawa inayotumika siku zote. Baadhi ya wagonjwa wataongezewa dawa ya pili, fomepizoli, inayozuia sumu isitengenezwe mwilini. Tunaifanyia majaribio ili tujue kama inalisaidia ini zaidi ya asetilisisteini peke yake." Msomee yule mama tena, kisha mwombe akueleze yeye alichosikia.