Msamaha wa I-601: Andika Dhiki Yako, Si Sifa za Mumeo

Napigiwa simu na wanawake, na wanaume pia, walioko Columbus, Minneapolis, Dallas na kwingineko, ambao wenza wao wamekwama Mombasa au Nairobi. Swali lao ni moja: "Dada, ulifanyaje hadi mumeo akakubaliwa?" Majibu ya vipande vipande ya WhatsApp yanawapotosha watu, kwa hiyo naandika hapa kwa kirefu. Mimi si wakili. Ni mzaliwa wa Mombasa, raia wa Marekani kwa kuapishwa, na mume wangu alifungiwa kuingia nchi hii kwa miaka 10. Fomu ya I-601 ndiyo ya kuomba serikali ya Marekani imsamehe mtu kifungo cha namna hiyo, na ndiyo tuliyoitumia.

Aliingia kwa visa ya matembezi, muda ukamwishia, akabaki. Miaka ikapita. Baba yake alipougua, alipanda ndege akaenda kumuuguza, na mtoto gani angefanya vingine? Ila sheria iliyopitishwa mwaka 1996, na kuanza kufanya kazi tarehe 1 Aprili 1997, ilikuwa inamsubiri pale pale mlangoni. Aliyekaa Marekani bila hadhi halali kwa zaidi ya siku 180 lakini hajafikisha mwaka, akiondoka anafungiwa miaka 3. Aliyefikisha mwaka au zaidi, akiondoka anafungiwa miaka 10. Kinachoamsha adhabu ni ule mguu wa kutoka. Kabla hujatoka, haijakushika.

Ndiyo maana kabla ya yote nawauliza wanaonipigia: mwenzako yuko wapi sasa hivi? Kama bado yuko Marekani, aliingia kwa visa akapita mbele ya ofisa wa uhamiaji, na wewe ni raia, basi mara nyingi hahitaji msamaha huu kabisa. Anaweza kuomba grini kadi, yaani ukaazi wa kudumu, akiwa humu humu, hata kama muda wake ulikwisha zamani. Asitoke. Asitoke kwa msiba, asitoke kwa harusi, asitoke kwa sababu binamu kasema "nenda kasafishe karatasi Nairobi urudi." Aende kwanza kwa wakili wa uhamiaji akiwa na pasipoti na rekodi ya kuingia. Wenzangu wa Pwani waangalie jambo moja: aliyeingia kwa visa ya baharia, akaiacha meli bandarini, njia hiyo ya ndani imefungwa kwake hata akioa raia. Na kama wewe una grini kadi tu, hujawa raia, kanuni ni kali zaidi kwa mwenzako.

Aliyeingia bila kukaguliwa mpakani ana fomu yake, I-601A, ambayo huombwa akiwa bado ndani, ili akitoka kwenda kwenye mahojiano ubalozini awe na idhini ya awali mkononi. Hiyo inaponya kosa la kukaa tu. Ofisa wa ubalozi akikuta kosa jingine, idhini inabatilika papo hapo na mtu amebaki nje. Sisi tulikuwa watu wa njia ya tatu, I-601 yenyewe: mwenzako yuko nje tayari, amekwenda mahojiano ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi, amepewa karatasi inayotaja kifungu kilichomzuia. Ile karatasi itunzeni. Msamaha wote unajengwa juu ya kifungu hicho.

Waliokuja kama wanafunzi nao wasikilize. Rekodi ya kuingia ya mwenye visa ya mwanafunzi, F-1, kwa kawaida haina tarehe ya mwisho, ina herufi D/S, yaani akae maadamu anashika masharti ya uanafunzi. Kwa kanuni inayotumika, siku za adhabu hazianzi kuhesabiwa kwake mpaka uhamiaji au jaji atamke rasmi kwamba amekiuka. Huenda mtu anahangaika kuomba msamaha wa adhabu ambayo haikumpata. Muulize wakili hilo kabla hujalipa senti.

Sasa kiini cha jambo. Sheria inataka uthibitishe dhiki iliyopindukia, na dhiki hiyo ni ya jamaa maalum: mume, mke au mzazi wa mwombaji ambaye ni raia au mwenye grini kadi. Kwa yule aliyekaa bila hadhi, jamaa hao ndio pekee. Mume wangu alivyoteseka Mombasa hakuhesabiki kwa nafsi yake. Hata mtoto wetu, mzaliwa wa Ohio, hahesabiki kama jamaa maalum katika kifungu hiki. Mateso ya mtoto yanaingia kwa mlango mmoja tu: yanavyonielemea mimi mama yake. Nimesoma barua za watu wanaoniomba msaada, kurasa tatu nzima za sifa za mume: mchapakazi, mcha Mungu, anapenda watoto. Nzuri, na zina mahali pake. Lakini ofisa anamaliza kusoma hajui mke analala saa ngapi.

Hapa ndipo malezi yetu yanapotuponza. Tumelelewa kusitiri. Mwanamke wa kwetu akiulizwa habari, anasema njema, alhamdulillah, hata kama nyumba inawaka. Mambo ya ndani hayatoki nje, fedha haitajwi, ugonjwa wa moyo na akili ndio kabisa unafunikwa. Adabu hii naipenda na nawafundisha wanangu. Kwenye faili la I-601 inakunyima haki yako, maana ofisa hakujui, hatakuja kwako kuona, na kilichoandikwa ndicho kilichopo. Wazee walisema mficha uchi hazai.

Tatizo linaanzia kwa daktari, mapema kuliko watu wanavyodhani. Unakwenda kliniki, nesi anauliza unajisikiaje, unamjibu vizuri. Anaandika vizuri. Mwaka mzima presha inapanda, hulali, unalia garini kabla ya kuingia zamu, na rekodi zako zinasema huna tatizo lolote. Kisha unaleta barua ya msamaha inayosema unaangamia. Nani akuamini? Mweleze daktari ukweli tangu siku mume alipokwama. Si kutia chumvi, ni kuacha kupunguza. Kama hulali, sema hulali. Kama umeanza dawa ya presha, hakikisha tarehe imeandikwa. Na uende kwa mshauri wa kisaikolojia kwa ajili ya afya yako kwanza, na mapema. Tathmini ya mtaalamu aliyekuona mara moja wiki ya kutuma faili ina nguvu kidogo kuliko maelezo ya mtu aliyekufuata kwa miezi. Mimi niliona haya kwenda. Mama yangu, ninayeishi naye, ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, nenda, huyo ni daktari kama madaktari wengine." Nilikwenda, na hata kama faili lisingekuwepo ningemshukuru.

Jambo lingine ambalo maofisa wanalisema waziwazi katika mwongozo wao: kutengana tu, kipato kupungua tu, ugumu wa kuzoea nchi nyingine, ni matokeo ya kawaida ya kunyimwa visa. Kila familia inayapata. Moja moja hayatoshi. Lakini yanapaswa kupimwa kwa pamoja, na yakikusanyika yanaweza kufikia kiwango. Kwa hiyo kazi yako ni kuonyesha yanavyoshikana kwako wewe, kwa karatasi. Kwangu yalishikana hivi: nafanya zamu za usiku nikiwahudumia wazee; mama yangu ana kisukari na hawezi kuachwa peke yake; mtoto wetu ana usonji na shule yake inampa mafunzo ya kuongea kwa mpango maalum. Nikiwa peke yangu, nikiingia zamu hakuna wa kukaa nao. Nisipoingia, kodi ya nyumba haitoki. Kila kipande kilikuwa na ushahidi wake: ratiba ya kazi, barua ya daktari wa mama, mpango wa shule, mkataba wa nyumba, taarifa za benki, risiti za fedha ninazotuma Mombasa kila mwezi. Barua yangu ilikuwa ikisema jambo, kisha inaelekeza ukurasa wa kulithibitisha. Ofisa ana mafaili mengi. Usimpe rundo akatafute mwenyewe.

Halafu kuna swali la pili: kwa nini usihamie kwake? Watu wa kwetu linawaudhi. Mwingine anajibu kwa hasira, mwingine anaichora Kenya kama jehanamu. Sikufanya hivyo, ni nyumbani kwangu na naipenda. Niliandika yaliyo kweli kwangu: mkopo wa masomo ninaodaiwa kwa dola nitaulipaje kwa mshahara wa shilingi, mafunzo ya mtoto yatakatika na kwa hali yake kila mwezi una thamani, mama ana grini kadi na matibabu yake yako hapa, nikihama namwacha na nani? Kanuni inaruhusu kuthibitisha upande mmoja tu, wa kutengana au wa kuhama, mradi ueleze kwa kuaminika ni upi utakaotokea. Sisi tulieleza pande zote mbili, na bado nashauri hivyo, kwa sababu upande mmoja ukilegea mwingine unakushikilia.

Barua za mashahidi zipunguze. Barua kumi za waumini zinazofanana kama zimepigwa chapa hazisaidii. Barua ya jirani anayekaa na mama yako ukichelewa kazini, au ya msimamizi aliyeona umeanza kukosa zamu, inasema kitu alichokiona mtu kwa macho yake. Kama shahidi ni shangazi yako Likoni, mwache aandike kwa Kiswahili chake, kisha itafsiriwe yote kwa Kiingereza, na mfasiri atie sahihi kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anazimudu lugha zote mbili. Bila uthibitisho huo karatasi haina uzito.

Sifa za mume zinaingia mwishoni, kwa sababu hata dhiki ikithibitika, ofisa bado anapima mema na mabaya kabla ya kutoa msamaha. Cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi ya Kenya, kodi alizolipa akiwa Marekani, kazi anayofanya sasa. Na aseme mwenyewe, kwa ufupi, kwamba alizidisha muda na anajuta. Asitafute wa kumlaumu.

Yapo ambayo msamaha huu hauyagusi, na ni heri kuyajua mapema. Aliyejidai kuwa raia wa Marekani baada ya Septemba 1996, hata kwa kuweka alama kisanduku cha uraia kwenye fomu ya I-9 ili apate kazi, yuko katika shida ambayo kwa maombi ya ukaazi haina msamaha. Aliyekaa zaidi ya mwaka bila hadhi, akatoka, kisha akarudi kwa njia za panya, lazima akae nje miaka 10 kwanza ndipo aombe ruhusa. Na aliyewahi kufunga ndoa ya uongo ili apate karatasi, mlango wa maombi ya familia umefungwa kwake. Mwenzako akuambie yote haya kabla ya wakili, na wakili ajue yote kabla ya ubalozi.

Kuhusu wakili, tafuta aliyeshughulikia I-601 hasa, na umuulize amewahi kufanya ngapi. Wako pia wawakilishi wasio mawakili walioidhinishwa na Idara ya Sheria, katika mashirika ya hisani, kwa bei nafuu. Anayekuambia ana mtu wake ndani ya ubalozi, kata simu. Ada ya serikali, tangu Aprili 2024, ni dola 1,050 kwa I-601 na dola 795 kwa I-601A. Hakikisha kwenye ukurasa wa USCIS, idara ya uhamiaji inayopokea fomu hizi, siku unayotuma, kwa kuwa fomu yenye ada pungufu inarudishwa. Mkinyimwa I-601 mna siku 30 za kukata rufaa, na siku hizo zinahesabiwa haraka. I-601A haina rufaa, ila inaombwa upya.

Sisi tulisubiri zaidi ya mwaka. Katika kusubiri usilifungie faili kabatini: ugonjwa mpya, hospitali, kupoteza kazi, vyote vihifadhiwe kwa tarehe, maana USCIS wanaweza kuandika kuomba ushahidi zaidi na wanatoa muda maalum wa kujibu. Na msamaha ukitoka, usikate tiketi siku hiyo. Upimaji wa afya aliofanyiwa mwenzako kwa ajili ya mahojiano huwa umeshapitwa na muda, na cheti cha mwenendo mwema huenda kikatakiwa kipya. Mwambie aanze kuvifuatilia mara tu ubalozi utakapomwandikia, na wewe huku tayarisha upya fomu ya udhamini, I-864, kwa kodi za mwaka wa karibuni.