Ukihamia mji mdogo wa nyanda za Kanada, omba zamu

Ndugu wengi huniuliza: niende Toronto, au nikubali kazi kwenye mji mdogo huko kwenu kwenye mashamba ya ngano? Wamesikia habari za mpango wa uhamiaji wa miji midogo ulioanza mwaka 2019, na ule uliofuata mwaka 2025, na kwenye orodha zote mbili wameliona jina la Altona, katika jimbo la Manitoba. Mimi naishi upande huu, kwa hiyo nasema ninachokijua. Mji mdogo utamfaa sana mtu aliye tayari kuomba zamu ya kazi ya kujitolea, isiyo na mshahara. Asiyekuwa tayari ataishi hapa miaka na miaka, atalipa kodi ya nyumba, atanunua mkate, na hakuna atakayegonga mlango wake.

Altona iko kusini kabisa mwa Manitoba, karibu na mpaka wa Marekani, na kutoka Winnipeg, mji mkuu wa jimbo, ni zaidi ya saa moja kwa gari. Wakazi wake wamezidi 4,000 kidogo tu. Nchi ni tambarare hadi macho yanachoka. Mimi ni mtu wa Singida, na kilichonituliza moyo nilipofika ni alizeti: huku kilimo chake ni cha muda mrefu, na ushirika wa wakulima ulianzisha kiwanda cha kukamua mafuta yake tangu miaka ya 1940. Kila mwezi Julai kuna tamasha la alizeti. Wameisimamisha hata nakala ya mchoro wa alizeti wa Van Gogh, ndefu kuliko jengo lolote la ghorofa tatu unalolijua.

Wenyeji wengi ni wajukuu na vitukuu wa Wamennonite, Wakristo wa dhehebu moja la Kiprotestanti, waliohama kutoka Dola ya Urusi kuanzia mwaka 1874, miaka mitatu tu baada ya mataifa ya asili ya hapa kutia saini Mkataba wa Kwanza wa ardhi na serikali. Ukisema unatoka Tanzania, usishangae mzee mmoja akikutajia Musoma au Shirati. Wamisionari wa Kimennonite walifika Mara mwaka 1934, na miaka ya 1960 wapo walimu wa Kanada waliokuja kufundisha shule zetu. Mimi nilidhani nitaanza kwa kueleza Tanzania iko wapi. Sikuhitaji.

Sasa jambo lenyewe. Mji wa namna hii hauendeshwi na manispaa peke yake. Anayekuuzia chai kwenye kantini ya uwanja wa barafu, watoto wakicheza hoki, ni mzazi aliyepangiwa zamu. Kwenye miji mingi ya nyanda hizi zimamoto ni fundi au mkulima anayeacha kazi yake simu ikilia. Kwa hiyo watu hapa humjua mtu kwa kufanya naye kazi. Hawatakuhoji kuhusu ukoo wako wala kukuuliza umeamkaje na nyumbani hawajambo. Ukingoja maswali hayo utadhani wanakudharau. Wapo wachache wenye macho mabaya, sitakuficha, lakini ule ukimya mwingi ni desturi tu. Mkulima akiinua kidole kimoja juu ya usukani mnapopishana, amekusalimia. Nawe inua chako.

Nawashauri wote waanzie duka la mitumba. Mwaka 1972, wanawake wanne wa hapa Altona walifungua duka la kuuza nguo zilizotolewa bure, ili fedha ziende kwa shirika la misaada la Wamennonite, MCC. Leo maduka ya mtandao huo yametapakaa Kanada na Marekani. Wanaochambua nguo, kupanga vyombo na kubandika bei ni watu wa kujitolea, wengi wao akina mama wazee, na hao ndio wanaoujua mji. Ukisimama nao meza moja mkikunja mashuka, utasikia nani ana chumba cha kupangisha, fundi gani wa gari haibi, mwalimu gani ana subira na mtoto ambaye Kiingereza chake bado. Kiingereza chako mwenyewe kitanyooka hapohapo kuliko darasani. Mimi nilipata koti langu la baridi pale, lakini zaidi ya koti nilipata watu wa kuwapigia simu usiku mtoto akiwa na homa.

Nenda misibani pia. Kwa hili sisi tuna ufundi tayari. Baada ya maziko watu hushuka chini ya kanisa kula mikate midogo, jibini na kahawa, pengine na vipande vya sukari pembeni kama zamani. Hakuna vilio vya sauti wala matanga ya siku kadhaa, na mara ya kwanza utaona kama wamefanya haraka. Usihukumu. Ingia jikoni, shika kitambaa, kausha vikombe. Utakumbukwa.

Jumapili alasiri wana mlo mwepesi wanaouita faspa. Ukialikwa, nenda, hata kama umechoka. Nawe ukialika, pika pilau la kawaida la nyumbani, usilipunguze viungo kwa hofu. Ila waambie mapema kama umetia karanga au korosho kwenye chakula chochote, maana wapo zinaowadhuru vibaya.

Kupokea msaada nako kuna adabu yake. Jirani atakuondolea theluji mlangoni kabla hujaamka. Usimpe hela, utamkwaza. Nunua beleshi, na siku nyingine safisha kwake. Mkulima akiugua wakati wa mavuno, wenzake huleta kombaini zao wakamvunia ngano yote. Anayejua kulima kwa ujima hatahitaji maelezo.

Shida zipo. Hakuna daladala, kwa hiyo leseni na gari si anasa. Baridi hushuka chini ya nyuzi 30 hasi, na usiku injini huchomekwa kwenye umeme isigande. Kwenye gari weka blanketi, mshumaa, kiberiti na chakula, na dhoruba ikitangazwa usitoke. Kusuka nywele, unga wa sembe na madaktari bingwa, hayo hesabu Winnipeg. Muislamu aulize mahali pa kuswali Ijumaa kabla ya kukubali kazi.

Na neno kwa wanandoa. Mwenye kibali cha kazi ana wenzake kazini, kila siku anaongea na watu. Mwenzake anabaki ndani, Novemba hadi Machi, na dirisha jeupe. Nimeona ndoa zikichakaa hivyo, na nimeona familia zikihamia miji mikubwa kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya mshahara. Kwa hiyo zamu ya kwanza aichukue yule anayebaki nyumbani, aichukue wiki ileile ya kwanza, kabla hata pazia halijanunuliwa, na mwenye gari ampeleke.